Tangi la Maji Chumvi Kitale na Bungoma: Jinsi ya Kuunda Sampu ya Bei Poa Bila Kufurisha Keja

Taja sampu kwa fundi yeyote hapa Kitale na atafikiria ile ya oil chini ya Probox. Hajakosea sana. Sampu ya samaki pia hukaa chini ikikusanya kinachoshuka, ila hapa ni maji ya chumvi. Yanateremka kutoka tangi la juu, yanapita kwenye filta ndani ya kontena la chini, halafu pampu inayarudisha juu. Basi.

Mbona msee ajisumbue? Kwa sababu tangi ndogo ya maji chumvi haina huruma. Kila lita ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na samaki wa Pwani amezoea kipimo hicho maisha yake yote. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote, inabaki na kuzidi ukali. Kwenye lita 60 hiyo shida inakuja haraka. Ukiongeza lita 12 chini, mambo yanabadilika polepole kidogo, na hita, filta na waya zote zinatoka machoni pa wageni.

Halafu kuna kitu wasee wa Mombasa hawawazii. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huku ni kama asilimia 80 ya ile ya Pwani, kwa hivyo hata maji hushika oksijeni kidogo, karibu sehemu moja ya tano inakosekana. Maji yanayoporomoka ndani ya sampu hubeba hewa njiani. Bungoma iko chini zaidi na ina joto zaidi: hita yako itapumzika.

Sasa ngori. Watu wengi hupima sampu wakiangalia vile inafanya kazi. Mtihani wenyewe ni stima ikipotea. Unakumbuka usiku wa 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima giza? Usiku kama huo pampu inanyamaza, na maji yaliyo juu yanaanza kushuka yenyewe. Kama hukupiga hesabu, yanaishia kwa sakafu, kisha kwa dari ya jirani wa chini, kisha keateka anabisha mlango.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 36. Kila sentimita moja ya maji hapo ni lita 1.8. Jaza hadi sentimita 33, uache 3 wazi juu. Hiyo nafasi inaweza kumeza lita 5.4. Chini weka kontena gumu la plastiki, sakafu ya 40 kwa 25, kimo 25. Hapa kila sentimita ni lita moja kamili. Likiwa kazini liwe na lita 12 tu. Najua linaonekana nusu tupu. Ndio maana yake.

Stima ikienda, maji ya juu yatashuka mpaka mdomo wa paipu ya kutolea, tuseme sentimita 2. Hiyo ni lita 3.6, ongeza lita moja hivi ya ndani ya mapaipu, unafika kama 17. Kontena linabeba 25, uko sawa. Lakini paipu ya kurudisha maji ikiwa imezama sentimita 10 ndani ya tangi, inageuka sifoni na kunyonya lita 18. Kumi na mbili na kumi na nane ni thelathini. Lita 5 ziko kwa carpet. Dawa yake ni tundu dogo kwenye hiyo paipu, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, tundu linavuta hewa na sifoni inakatika. Lisafishe kila wiki, maana mwani na chumvi hupenda kuliziba.

Kutoboa kioo kunataka drili ya almasi, na kioo kilichokaushwa kwa moto kitapasuka vipande mara moja. Mimi ningeacha. Nenda hardware yoyote Kitale mjini au pale Kanduyi, uitishe PVC ya robo tatu, elbo kadhaa, tii moja na gundi yake. Unaunda daraja linalopita juu ya ukingo wa tangi. Ndani, mguu wake unashuka halafu unapinda kuangalia juu, mdomo ukiwa pale unapotaka maji yasimame. Nje, unashuka, unapanda tena hadi kwenye tii iliyo kimo sawa na huo mdomo, ndipo unateremka kwa sampu. Hiyo mipindo ya chini ndiyo inafanya daraja libaki limejaa maji hata pampu ikizima, ili stima ikirudi liendelee bila wewe kunyonya paipu saa nane usiku. Juu ya tii acha wazi kwa hewa. Ukiiziba, daraja lote linanyonywa likauke.

Na daraja likishika hewa na kukataa? Pampu itaendelea kusukuma mpaka tangi la juu limwagike. Kwa hivyo usiiweke pampu sakafuni mwa sampu. Iinue kwa kipande cha PVC, mdomo wake uwe sentimita 8 kutoka chini. Kati ya maji lita 12, itaweza kupandisha 4 pekee, na juu kuna nafasi ya 5.4. Utasikia ikikoroma, utaizima. Hita ilale chini kabisa, chini ya mdomo wa pampu, isije ikabaki nje ya maji ikapasuka.

Nguvu ya pampu: tafuta lita 200 hadi 300 kwa saa zikishafika juu. Namba ya kwenye boksi imepimwa bila kupandisha maji, kwa hivyo angalia pia kimo chake cha mwisho. Kama ni mita moja na wewe unapandisha mita moja, hutaona tone. Pampu ya wati 20 ikikaa on mchana na usiku inakula uniti 14.4 kwa mwezi. Zidisha na bei ya token zako kabla hujanunua. Waya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke njiani. Usitumie klipu za chuma, zitaoza kwa chumvi. Shaba nayo inadedisha kamba na konokono.

Bahari iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, so utanunua chumvi ya akwariamu. Ya kupikia haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha, usijichoche. Maji ya kuchanganyia, na ya kujazia yakikauka, chukua kwa duka la refill linalochuja kwa RO. Kujazia ni maji matamu tu. Chora mstari na kalamu kwenye sampu, hapo ndipo utaona upungufu. Mawe na matumbawe usiokote Watamu wala Malindi ukienda holiday. Hizo ni mbuga za bahari tangu 1968 na KWS hawachezi.

Kabla ya samaki yeyote, jaza maji ya kawaida na uache mtambo ukimbie siku nzima, tishu kavu chini ya kila kiungo. Kisha zima soketi. Subiri maji yatulie, pima yamefika wapi kwa sampu, washa tena, uone kama daraja limeanza lenyewe. Rudia mara tatu, ya mwisho ukiwa umeziba lile tundu dogo kwa kidole na beseni liko tayari.