Fahamu: Namna Mahali pa Ajali za Nyumbani Panavyoandikwa katika Kumbukumbu za Afya

Mgonjwa anapofikishwa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali akiwa ameungua, ameanguka au amekunywa sumu kwa bahati mbaya, mambo matatu hupaswa kufahamika: aina ya jeraha, chanzo chake na mahali lilipotokea. Jambo la tatu husahaulika kwa urahisi, ilhali ndilo linaloonesha mahali ambapo juhudi za kinga zinahitajika zaidi.

Utaratibu wa kuandika mahali pa tukio umewekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Toleo la kumi, ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika katika nchi wanachama mwaka 1994. Sura yake ya ishirini inahusu vyanzo vya nje vya majeraha na vifo. Kila chanzo hupewa herufi na tarakimu mbili, kisha kwa vyanzo vingi huongezwa tarakimu moja, baada ya nukta, inayotaja mahali.

Tarakimu za mahali ni kumi:

0 – nyumbani
1 – makazi ya taasisi, kama bweni, gereza au kituo cha kulea yatima
2 – shule, hospitali, nyumba ya ibada na majengo mengine ya umma
3 – viwanja vya michezo
4 – barabarani
5 – maeneo ya biashara na huduma
6 – viwandani na maeneo ya ujenzi
7 – shambani
8 – mahali pengine palipotajwa
9 – mahali pasipotajwa

Kwa mfano, X12 ni kuunguzwa na kimiminika cha moto, kama maji yaliyochemshwa jikoni. Mtoto aliyemwagikiwa na maji hayo nyumbani huandikiwa X12.0; aliyemwagikiwa kwenye mgahawa sokoni huandikiwa X12.5. Jeraha ni lile lile, lakini hatua za kinga ni tofauti.

Mipaka ya neno "nyumbani"

Katika uainishaji huu, nyumbani si ndani ya kuta pekee. Uwanja, bustani na njia ya kuingilia nyumba ya mtu binafsi vinahesabiwa humo. Nyumba inayojengwa ambayo haijahamiwa huwekwa katika tarakimu 6, na bweni la wanafunzi katika tarakimu 1.

Suala hili lina uzito katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, ambako kaya nyingi za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi huishi kwa kilimo cha mahindi, maharage na ulezi. Nyumba, jiko na kihenge huweza kuwa katika eneo moja, na shamba kuanzia nyuma ya uwanja. Kanuni ni kwamba shamba lenyewe na majengo yake huandikwa 7, lakini nyumba ya mkulima na eneo linaloizunguka huandikwa 0. Hivyo, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi ulio uani huandikiwa W14.0, na aliyeanguka kutoka kwenye mti ulio shambani, W14.7. Mtoto aliyekunywa nyumbani kwa bahati mbaya kiuatilifu cha kuhifadhia mahindi huandikiwa X48.0, hata kama dawa hiyo ilinunuliwa kwa shughuli za kilimo.

Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, moto hutumika kupikia na pia kuota. WHO inakadiria kuwa majeraha ya moto husababisha vifo takriban 180,000 duniani kila mwaka, na kwamba wanawake na watoto kwa kawaida huungulia jikoni.

Taarifa zinavyotumika

Nchini Tanzania, takwimu za vituo hukusanywa kupitia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA). Jumla ya waliotibiwa majeraha ya moto pekee haioneshi iwapo waliungulia jikoni, shambani au kazini. Hilo hutegemea maelezo yaliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa. Maelezo yakikosekana, tukio huishia katika tarakimu 9, na halisaidii kuamua iwapo elimu ipelekwe kwa kaya, shuleni au kwa wafanyabiashara.

Toleo jipya, ICD-11, lililoanza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari, 2022, linaruhusu kuongeza maelezo ya kina zaidi, ikiwemo sehemu ya jengo. Marekani nayo, katika toleo lake la ICD-10, hutenganisha jiko, bafu na chumba cha kulala.

Wajibu wa mwananchi

Anayemsindikiza majeruhi anashauriwa kumweleza mtoa huduma kilichotokea, mahali hasa kilipotokea na alichokuwa akifanya majeruhi. Kwa aliyekunywa sumu, chupa au pakiti iliyokuwa na sumu hiyo ipelekwe pia. Tarakimu ya mahali haimtuhumu mzazi wala mwenye nyumba. Huonesha eneo la tukio tu. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri maelezo hayo, ambayo yanaweza kukamilishwa baada ya majeruhi kuhudumiwa.