Chakula cha Msafiri katika Nchi ya Watamil ya Kale

Katika nchi ya Watamil ya kale, kusini mwa India, chakula kilichopikwa kiliuzwa mijini, lakini aliyekuwa safarini bara alikula zaidi kwa ukarimu wa watu. Mengi yajulikanayo yametoka katika mashairi ya Sangam, ambayo kwa kawaida huwekwa kati ya mwaka 300 KK na 300 BK.

Madurai, makao ya wafalme wa Pandya, ilikuwa na soko la mchana na soko la usiku. Maduraikkanchi, shairi la Mangudi Marudanar, linapita sokoni humo hadi usiku wa manane, saa ambayo wauza maandazi wanasinzia kando ya bidhaa zao. Kaverippattinam, bandari ya ufalme wa Wachola, ilichangamka zaidi. Shairi la Pattinappalai linaeleza bendera zilizopepea juu ya vilabu vya tembo, na nyama ikikaangwa uani kwa kelele. Bandari hiyo ilipokea farasi kwa njia ya bahari, na wageni wa lugha mbalimbali waliishi humo. Baharia asiye na jamaa alikuwa na mahali pa kununua chakula. Hata hivyo shairi hilohilo linasifu majiko ya sadaka yaliyopika wali mwingi hata maji yake yakatiririka barabarani.

Nje ya miji mambo yalikuwa mengine. Perumpanatruppadai ni shairi la kumwelekeza mwimbaji maskini njia ya kwenda kwa mfalme wa Kanchi. Kila anapopita, wawindaji, wafugaji, wakulima na wavuvi wanampa chakula cha kwao, wala hadaiwi malipo. Biashara ya chakula ilikuwepo vijijini, ila kwa kubadilishana: mwanamke mfugaji anatembeza maziwa yaliyosukwa na kupokea nafaka, na kwa samli yake hataki dhahabu bali nyati wa kufugwa. Wachuuzi wa chumvi nao walisafiri na familia zao katika mikokoteni ya ng'ombe, wakiwa na vyombo vyao, wakajipikia njiani.

Silappatikaram, utenzi ambao wengi huuona kuwa wa baadaye kidogo, unaonyesha desturi ya kumkirimu mgeni vizuri zaidi. Kovalan na mkewe Kannagi walitembea kwa miguu kutoka Kaverippattinam hadi Madurai. Walipofika, mfugaji Madari aliwapa nyumba, mchele, mboga na vyungu, na Kannagi mwenyewe akampikia mumewe, ingawa soko kubwa lilikuwa karibu. Mgeni wa heshima alipewa jiko, hakupelekwa dukani.

Ushahidi huu unahitaji kupimwa. Watunzi wengi waliishi kwa fadhila za wakuu, hivyo kutoa kulisifiwa sana, na kuuza kulitajwa zaidi pale kulipopamba mji. Kwa hiyo ukimya wa mashairi kuhusu vibanda vya chakula njiani hautoshi kuthibitisha kwamba havikuwepo. Kinachoonekana wazi ni kwamba kumlisha mpita njia kulihesabiwa kuwa wajibu: Tirukkural, kitabu cha maadili cha Kitamil, kimetenga sura nzima, ya 9, kwa ajili ya kukirimu wageni. Desturi hiyo ilidumu. Katika karne ya 18 na ya 19 wafalme wa Kimaratha wa Thanjavur walijenga nyumba za wasafiri ziitwazo chattiram, ambamo mahujaji waliokwenda Rameswaram walilala na kula bila malipo.