Akina Mama Walioketi Chini: Wanawake wa Liberia na Amani ya Mwaka 2003

Usiku wa tarehe 29 Julai 1990, askari wa Rais Samuel Doe waliingia katika Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, mtaa wa Sinkor jijini Monrovia, wakaua watu wapatao 600. Waliouawa walikuwa wakimbizi, wengi wao wa makabila ya Gio na Mano, waliokimbilia kanisani wakiamini kwamba hata mwenye bunduki huiheshimu nyumba ya Mungu. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Kanisa hilo ni la ndugu zetu. Walutheri wako Liberia tangu mwaka 1860.

Naanzia hapo kwa makusudi. Habari za wanawake wa Liberia zinaposimuliwa, mara nyingi huanzia kwenye fulana nyeupe na kuishia kwenye Tuzo ya Nobel, kana kwamba akina mama hao waliamka asubuhi moja wakashuka barabarani. Kati ya mauaji yale na fulana zile ipo miaka kumi na mitatu, na kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilifanyika humo, pasipo kamera.

Wa kwanza kupaza sauti walikuwa wanawake wasomi wa mjini. Mwaka 1994 mwalimu Mary Brownell na wenzake waliunda chama cha wanawake kilichodai silaha zikusanywe kwanza, ndipo uchaguzi ufanyike. Walikwenda kwenye mikutano ya amani bila kualikwa. Mwaka 1996 mwanamke, Ruth Perry, akawekwa kuongoza Baraza la Taifa la serikali ya mpito. Lakini uchaguzi wa 1997 ulimpa urais Charles Taylor, yule yule aliyeanzisha vita, na kufikia 1999 bunduki zililia tena. Ni rahisi kusema akina mama hao walishindwa. Mimi naona waliwaachia wadogo zao somo moja la maana: kwenye meza ya mazungumzo hakuna atakayewavutia kiti.

Wakati huo huo Kanisa la Kilutheri lilikuwa na huduma ya kuponya majeraha ya nafsi na kupatanisha watu, ikifanya kazi pale pale Mtakatifu Petro. Leymah Gbowee alianza kujitolea humo mwaka 1998. Vita vya kwanza vilipoanza alikuwa na miaka 17, na sasa alikuwa mama wa watoto. Alipangiwa vijana waliokuwa askari watoto wa Taylor, vijana waliokuwa wameua, na ambao wenyewe walikuwa wameharibiwa. Baadaye, katika mtandao wa wanawake wajenzi wa amani ulioanzishwa Afrika Magharibi mwaka 2001, wanawake walikuwa wakiketi kwa duara, kila mmoja akaeleza yaliyompata mpaka amalize. Waliliita zoezi hilo kutua mzigo. Wapo waliosema hapo jambo ambalo hawakuwa wamemwambia hata dada wa tumbo moja.

Utetezi wao wote ulitoka katika duara hilo. Katika sharika zetu kikundi cha akina mama hukumbukwa wageni wanapokuja na chai inapotakiwa. Kule kilikuwa mahali pa pekee ambapo mtu angeweza kusema ukweli wote akasikilizwa.

Wanawake wa Kikristo walipokutana kanisani kuomba amani, Asatu Bah Kenneth, Mwislamu na ofisa wa polisi, alisimama akaahidi kuwaleta wenzake. Baadhi ya Wakristo walisita, wakihofu kwamba kuomba pamoja kungeipunguza imani yao. Jibu walilopata ni kwamba risasi haichagui dini. Hofu yao siibezi, wachungaji tunaijua. Lakini sioni ni mstari gani wa ungamo letu unaomzuia Mkristo kuketi mchangani na mama aliyefiwa. Tangu hapo walikwenda misikitini siku ya Ijumaa, sokoni Jumamosi, makanisani Jumapili, wakiwaita wanawake.

Aprili 2003 waliketi uwanjani karibu na soko la samaki, kando ya barabara aliyopita Taylor na msafara wake. Walivaa nyeupe, wakafunga vitambaa kichwani, wakaacha mapambo. Jua liliwachoma, mvua ikawanyeshea, na kesho yake walirudi. Magazeti ya nje yalipenda zaidi habari ya mgomo wao wa tendo la ndoa. Gbowee mwenyewe amesema mgomo ule haukubadili mengi, ila uliwavuta waandishi. Tuuache.

Kila nikisoma habari za uwanja ule namkumbuka Rispa binti Aya katika 2 Samweli 21, aliyetandika gunia mwambani akalinda maiti za wanawe tangu mavuno mpaka mvua, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuhutubia mtu. Lakini mfalme alisikia, akainuka kwenda kuizika mifupa.

Taylor naye alisikia. Tarehe 23 Aprili aliwapokea. Gbowee alisoma tamko lao akimwelekea Grace Minor, mwanamke aliyeongoza Seneti, huku rais akisikiliza. Mazungumzo yalifunguliwa Ghana tarehe 4 Juni, na wanawake wakasafiri kuyafuata. Wiki zilipita, wakuu wa makundi wakikaa hotelini huku makombora yakianguka Monrovia. Mwezi Julai akina mama waliketi mlangoni pa ukumbi, mikono imeshikamana, asitoke mtu. Walinzi walipotishia kumkamata Gbowee, alianza kuvua nguo. Afrika Magharibi uchi wa mama ni laana, na hata kwetu Afrika Mashariki wazee wanalielewa hilo: Machi 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifanya hivyo mbele ya polisi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kisha wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, alitoka akazungumza nao. Taylor aliondoka nchini tarehe 11 Agosti, mkataba ukatiwa saini tarehe 18.

Wasimulizi wengi hufungia hapo. Akina mama hawakwenda nyumbani. Desemba mwaka huo ukusanyaji wa silaha ulipovurugika na wapiganaji kufyatua risasi mitaani, walikwenda kuwatuliza vijana hao. Wengine walikuwa watoto wa jirani zao. Mwaka 2005 walizunguka masokoni wakiwaandikisha wanawake kupiga kura, wakiwalindia wachuuzi meza zao na kuwabebea watoto waende kujiandikisha. Uchaguzi huo ulimpa ushindi Ellen Johnson Sirleaf, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais Afrika. Mwaka 2011 yeye na Gbowee walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen.

Vijijini waliyageuza mabanda ya kale ya baraza, yaliyokuwa ya wazee wanaume, kuwa mabanda ya amani. Humo wanawake husikiliza kesi za wake wanaopigwa, za mashamba na za wenye kudaiana, na kosa kubwa hulipeleka polisi. Kuhusu mauaji ya Mtakatifu Petro, mwaka 2021 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba aliyekuwa kamanda wa kikosi anawajibika, katika shauri la madai lililofunguliwa na manusura wanne. Nchini Liberia kwenyewe, wakati huo, hakuna aliyekuwa amehukumiwa.