Kidonda cha Sa'd (R.A.) na Jeshi Lililo Mwilini

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Sa'd bin Muadh (R.A.), mkubwa wa kabila la Aws, alipigwa mshale kwenye mshipa wa mkono. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikichoma moto kidonda kile. Mkono ukavimba, akakichoma tena. Sa'd akapigiwa hema msikitini, Mtume apate kumzuru kwa karibu. Baadaye kidonda kikafunguka, damu ikamwagika, akafariki. Radhi za Allah ziwe juu yake.

Je, kwa nini jeraha huvimba? Swali hili limewashughulisha watu miaka mingi. Huko Roma, karne ya 1, Celsus aliandika dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Sababu yake haikujulikana. Hata Ulaya, kwa karne nyingi, waganga wengi walidhani usaha ni dalili ya kupona!

Mwaka 1867 Mjerumani Julius Cohnheim alimtazama chura kwa hadubini, akaona chembe nyeupe za damu zikipenya kuta za mishipa na kutoka nje. Zaenda wapi? Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, Mrusi Metchnikoff akachoma mwiba kwenye kitoto cha kiti cha pweza. Asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka mwiba. Kumbe ni walinzi! Mwaka 1908 akapata tuzo ya Nobel.

Leo twajua zaidi. Ukijikata, damu huganda kuziba tundu. Chembe zilizo karibu hutoa kemikali kama histamini, mishipa ikapanuka, damu ikaja kwa wingi: ndio wekundu na joto. Maji ya damu huvuja, ndio uvimbe. Saa chache baadaye chembe nyeupe hufika na kumeza viini vya maradhi. Kisha huja nyengine kubwa zaidi, kusafisha uchafu na kuita wajenzi wa nyama mpya. Kemikali zikifika kwenye ubongo, mwili mzima hupata homa.

Subhanallah! Mtume (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikiumwa, mwili wote hushiriki kwa kukesha na homa.

Lakini vijana, tusidanganyike. Uvimbe kidogo siku za mwanzo ni kazi ya walinzi. Wekundu ukizidi kuenea, usaha ukatoka au homa ikapanda, walinzi wamezidiwa, na viini vikienea mwili mzima mtu aweza kufa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wako wanaoogopa kumeza dawa mchana wa Ramadhan, wakangoja mpaka mguu ukaharibika. Mola wetu katika Suratul Baqara (2:185) amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine. Na kujitibu ni katika mafunzo ya Mtume wetu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azikubali funga zetu. Amin.