Vitabu vya Picha kwa Mtoto Aliyefiwa

Katika miaka ya 1930 Margaret Wise Brown alikuwa akiandika New York pamoja na walimu wa shule ya Bank Street, walioamini kuwa anayetaka kumwandikia mtoto aanze kwa kumsikiliza. Mwaka 1938 alitoa hadithi fupi ya watoto waliookota ndege aliyekufa. Wanamshika, bado ana joto, lakini moyo haupigi. Kisha anapoa na kukakamaa mikononi mwao. Wanamchimbia kaburi, wanamwimbia, wanalia. Kila siku wanalizuru kaburi lile, mpaka wanasahau. Hadithi hiyo, The Dead Bird, ilitoka kama kitabu cha picha mwaka 1958, Remy Charlip akiwa mchoraji. Mwandishi mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1952.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga, na kwangu kitabu hicho kinavishinda vingi vilivyokifuata. Hakimfichi mtoto kitu. Hata kusahau kinamruhusu, jambo ambalo sisi wakubwa tunaogopa kulitamka msibani.

Enzi hizo watu wazima wengi waliamini kuwa mtoto mdogo hana huzuni ya kudumu. Hospitali nyingi za Uingereza ziliwabana wazazi wasikae na watoto waliolazwa, na mtoto aliyenyamaza alihesabiwa kuwa amezoea. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson akaonyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane London, jinsi anavyojikaza asilie. Wauguzi na madaktari wengi walichukia. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote.

Vitabu navyo vikafunguka. Owl Babies cha Martin Waddell, chenye picha za Patrick Benson, kilitoka mwaka 1992: makinda watatu wa bundi wanaamka usiku, mama hayupo, mwishowe anarudi. Mimi huwasomea watoto kitabu hicho kwa Kiswahili muhula unapoanza, wakati wengine bado wanang'ang'ania kanga za mama zao mlangoni. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alinikataza, maana kwetu bundi akilia juu ya paa watu huona ni uchuro. Nikamwomba asikilize kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Soma, mwalimu, ila useme ndege tu." Ndivyo ninavyosoma hadi leo.

Ila kitabu hicho simsomei mtoto aliyefiwa na mama. Kinaahidi kuwa mama atarudi. Huyo anahitaji kitabu kama kile cha Michael Rosen, kilichochorwa na Quentin Blake na kutoka mwaka 2004. Rosen alifiwa na mwanawe Eddie mwaka 1999, kijana wa miaka 18, kwa homa ya uti wa mgongo. Katika kitabu hicho baba anakiri kuwa anapotabasamu huwa anajikaza tu.

Hata hivyo, vitabu vinavyonigusa kuliko vyote havikupita kiwandani. Uganda, miaka ya 1990, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, ukoo wako ni upi, ulipenda nini ulipokuwa mchanga, na picha zilizobandikwa kando. Mtoto alipata habari ya ugonjwa kutoka kwa mama mwenyewe, angali hai, akaweza kumuuliza maswali.

Kwetu mtoto aliyefiwa bado hupelekwa kwa jirani na kuambiwa mama amesafiri, naye humngoja kweli. Waandishi na wachoraji wa Kiswahili, nawaomba mtuandikie kitabu cha msiba wetu wenyewe, chenye turubai, mikeka na masufuria ya matanga, na mtoto aliyeketi kati ya shangazi zake akielezwa wazi kuwa mama amekufa.