Kutoka Kufuliwa hadi Kutupwa: Historia ya Sodo na Mwisho Wake katika Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika muda wa takribani miaka ishirini, suala la hedhi limetoka faraghani na kuingia bungeni katika nchi za Afrika Mashariki. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa sodo mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, ikairejesha mwaka 2019. Rwanda nayo ikaiondoa mwishoni mwa mwaka huo wa 2019. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya upatikanaji: nani amepata, na kwa bei gani. Sodo ikishatumika inakwenda wapi, na inaishia mikononi mwa nani, ni swali lililobaki pembeni. Makala haya yanalifuatilia swali hilo. Yanadai kuwa sodo ya kutupwa iliingia katika eneo hili bila mfumo wa taka ambao iliundwa kuutegemea, na kwamba sera zilizofuata zimeshindwa kuliziba pengo hilo pale zilipokabidhi kifaa kwa ofisi moja na mwisho wake kwa ofisi nyingine.

2.0 Kitambaa Kilichofuliwa

Msamiati wenyewe ni ushahidi. Kamusi za Kiswahili zinalieleza neno sodo kuwa ni kitambaa au pamba anayotumia mwanamke akiwa katika hedhi. Leo magazeti ya Kenya hulitumia neno hilo hilo, pamoja na visodo, kwa bidhaa ya kiwandani. Tanzania husema taulo za kike, na mitaani kote husikika pedi. Hivyo neno moja limebeba vitu viwili vyenye mwisho tofauti kabisa. Sodo ya kitambaa ilifuliwa, ikaanikwa, ikatumika tena. Haikuwa taka mpaka ilipochakaa.

Elimu ya kuitunza ilikuwa na wenyewe. Katika pwani, msichana aliyevunja ungo alifundwa na somo au kungwi. Buganda kazi hiyo ilikuwa ya ssenga, yaani shangazi. Mafundisho hayo yalihusu usafi, lakini yalihusu pia sitara: damu isionekane na mtu. Hofu kwamba damu ya hedhi ikipatikana na mwenye nia mbaya inaweza kutumiwa kumdhuru mwenyewe, hata kumzuia asizae, haijatoweka katika sehemu nyingi za eneo hili. Utaratibu huo wa kale haukukosa madhara. Kitambaa kilichoanikwa mafichoni, mbali na jua, hakikukauka vizuri. Hata hivyo, ulikuwa utaratibu kamili: aliyefundishwa kukitumia alifundishwa pia namna ya kukihitimisha, kwa kukifukia au kukichoma.

3.0 Kifaa cha Kutupwa

Sodo ya kiwandani ina historia nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani iligeuza malighafi ya bandeji za vitani, iliyotokana na mbao, kuwa Kotex, na kuanza kuiuza katika miaka ya 1920. Sifa yake kubwa sokoni ilikuwa kwamba haifuliwi. Baadaye ikaongezwa plastiki ya kuzuia kuvuja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikapata gundi ya kuishikilia kwenye nguo ya ndani. Kila hatua ilimpunguzia mwanamke kazi, na kila hatua ilichukulia kwamba mjini kuna gari la taka.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kuna choo cha shimo. Sodo inayotumbukizwa humo haiozi yote, kwa kuwa plastiki hubaki. Shimo hujaa mapema, na siku ya kulinyonya bomba huziba, mpaka mfanyakazi azitoe sodo kwa ndoana au kwa mikono. Kwa msichana, sodo imetupwa. Kwa mfanyakazi huyo, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kuichoma uwanjani nako si suluhisho. Taka zenye plastiki zikichomwa kwa joto dogo zinaweza kutoa dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi wanachama kuzipunguza. Tanuri linalofaa ni lile linalofikia nyuzi 850 za selsiasi au zaidi, na pipa la bati nyuma ya bweni halifiki huko.

4.0 Sheria Yenye Nusu Mbili

Mwezi Juni 2017, Kenya ilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi. Marekebisho hayo yaliipa serikali wajibu wa kumpatia sodo bila malipo kila msichana aliyebalehe katika shule za umma, na papo hapo kuweka njia salama ya kuzitupa, isiyoharibu mazingira. Ni nadra sheria kutaja kifaa na mwisho wake katika sentensi moja. Lakini utekelezaji uliitenganisha sentensi hiyo. Ununuzi wa sodo ulihamishiwa idara ya jinsia. Vyoo vya shule vikabaki chini ya elimu. Na uzoaji wa taka, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Nusu ya kwanza ya sheria ikapata mwenyewe, ya pili ikawa ya wote, na mali ya wote haina mchungaji. Agosti mwaka huo huo nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Mfuko ambao wanawake wengi waliutumia kufungia sodo iliyotumika ukatoweka madukani. Plastiki iliyomo ndani ya sodo yenyewe haikuguswa na katazo hilo.

Majirani wanaonyesha kuwa nusu hizo mbili zinaweza kwenda pamoja. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, mhandisi Moses Musaazi alibuni sodo za MakaPads kwa mafunjo na karatasi, na akabuni pia tanuri dogo la kuchomea taka hizo shuleni. Rwanda imeanzisha katika shule chumba cha wasichana, icyumba cy'umukobwa, ambamo mahitaji ya hedhi yanashughulikiwa mahali pamoja.

5.0 Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa watunga sera. Kila zabuni ya sodo iandikwe pamoja na gharama za mapipa yenye vifuniko, glavu za wafagiaji, uondoaji wa taka na tanuri linalofaa. Na ofisi moja itajwe kuwa ndiyo itakayoulizwa. Kwa upande wa lugha, miongozo ya Kiswahili itenganishe sodo ya kufuliwa na sodo ya kutupwa, na ieleze kutupa ni kufanya nini: kufunga katika karatasi, kuweka katika pipa, kukabidhi kwa nani. Somo, kungwi na ssenga hawakuliacha somo lao nusu. Sera inayompa msichana sodo na kumwacha nayo mkononi, akitafuta pa kuificha, imefundisha nusu tu.