Walianzisha Mchezo Mlimani, Mlima Ukawafungia Njia

Ukimuona leo mtu anateremka msituni na baiskeli yenye tairi pana, shokapu mbele na nyuma, na bei ya kununulia pikipiki mpya, unaweza kudhani kitu hiki kilitoka kwenye kampuni kubwa yenye mainjinia na kompyuta. Hapana. Kilitoka kwenye vyuma chakavu. Waliokitoa huko walikuwa vijana wenye nywele ndefu kwenye mlima mmoja wa California, ambao walichotaka ni kufurahi tu na washkaji zao.

Hiyo sehemu ya kwanza wengi wanaifahamu. Ya pili haisimuliwi sana: mlima uleule uliowapa mchezo ndio uliokuja kuwafungia vijia vyake, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Mlima wenyewe unaitwa Tamalpais. Upo kaunti ya Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco. Kilele chake ni mita 784 kutoka usawa wa bahari, yaani Kilimanjaro ingeucheka. Ila una misitu, una mabwawa ya maji ya kunywa, na una barabara za vumbi zilizochongwa ili magari ya zimamoto yapite moto ukizuka. Chini yake kuna miji midogo kama Fairfax, San Anselmo na Larkspur.

Miaka ya mwanzo ya 1970, Marekani nzima ilikuwa imepagawa na baiskeli nyembamba za gia kumi. Ukiwa mtu wa fasheni, hiyo ndiyo unayoitaka. Vijana wa Larkspur wao wakaenda kinyume. Walitafuta Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zile ambazo zamani watoto walizitumia kusambaza magazeti. Fremu nzito, tairi pana, gia moja, na uzito wa kilo 20 na ushee. Hazikuwa na breki za mkono. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kinyumenyume. Kwa wakati huo zilikuwa takataka, unazipata kwa dola chache tu. Wakazibatiza jina la klanka, kwa zile kelele za chuma kibovu.

Kupanda nazo ilikuwa shughuli. Mara nyingi waliziburuza kwa mguu au kuzipakia kwenye pikapu. Raha ilikuwa kwenye kuteremka.

Ugonjwa huo ukawaambukiza waendesha baiskeli wa mashindano ya lami waliokuwa wakiishi upande wa Fairfax na San Anselmo. Hao hawakuwa watu wa mchezo mchezo. Mmoja alikuwa mkimbiaji mzuri, lakini mwaka 1968 alisimamishwa mashindano kwa sababu nywele zake zilikuwa ndefu mno kwa macho ya wakubwa. Mwenzake aliishi kwa kubeba na kupanga vyombo vya bendi ya rock. Mwingine alikuwa fundi wa kutengeneza fremu kwa mikono yake. Na alikuwepo dada mmoja, mwanamke wa kwanza kwenye kundi hilo, aliyekuwa anaendesha na kamera yake. Picha nyingi tunazoziona leo za siku zile ni kazi yake. Bila yeye, stori hii ingekuwa maneno matupu ya wazee wanaojisifu.

Kila mmoja alidai yeye ndiye mwenye kasi kuliko wote. Mabishano yakazidi, na tarehe 21 Oktoba 1976 wakaamua kuyamaliza. Walichagua barabara moja ya zimamoto karibu na Fairfax, inayoshuka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na kidogo. Ni changarawe, mawe, makorongo na kona ambazo huoni kilichopo mbele. Wakaachiwa mmoja mmoja huku saa zikihesabu. Unaambiwa mshindi wa siku ile alikuwa yule pekee ambaye hakuanguka.

Barabara hiyo waliiita Repack, na jina hilo lina maana yake. Breki za zile klanka zilikaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na kitovu hicho kilijazwa grisi. Ukiteremka mlima huku umekanyaga breki muda wote, chuma kinapata moto mpaka grisi inaungua na kutoka moshi. Ukifika chini huna breki ya kueleweka. Inabidi ufungue kitovu, usafishe, ujaze grisi upya, ndipo urudi juu. Kujaza upya huko ndiko kulikoipa barabara jina.

Rekodi ya Repack ni dakika 4 na sekunde 22, na aliyeiweka ni yule yule wa nywele ndefu. Watu wachache sana walijua habari hizo wakati ule. Hapakuwa na kombe la maana wala hela za udhamini. Lakini kila shindano lilikuwa kama maabara, maana kila kitu kibovu kilivunjika palepale na watu wakarudi nyumbani kutafuta kitu imara zaidi.

Gia nazo zikaingia. Desemba 1974 kwenye mashindano ya baiskeli za matopeni pale Mill Valley, walitokea vijana kutoka Cupertino, mji ambao leo unajulikana kwa Apple, wakiwa na klanka zilizofungwa gia na breki kali. Watu wa Marin walizikodolea macho. Ukiwa na gia huhitaji tena pikapu. Unapanda mlima kwa miguu yako na kushuka kwa raha zako. Klanka ikaanza kuwa chombo cha kutembelea msitu mzima.

Mwaka 1977 yule fundi wa fremu akakaa chini na kutengeneza baiskeli mpya kabisa kwa ajili ya mlima, kwa chuma chepesi na kigumu, badala ya kufufua mabovu. Hadi katikati ya 1978 alikuwa amekamilisha kumi. Mwaka 1979 yule mwenye nywele na yule mbeba vyombo vya bendi wakaunganisha vijisenti vyao na kufungua biashara, fremu zikichomelewa na fundi mwingine wa kusini mwa San Francisco. Waliziita mountain bike, wakajaribu kulisajili jina liwe mali yao. Ikashindikana. Dunia ikalichukua bure.

Na ikalichukua kwa kasi. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani na kuuzwa kwa bei nafuu kuliko zile za kuchomelewa moja moja. Ndani ya miaka michache maelfu ya watu walikuwa msituni. Mwaka 1990 yakafanyika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia huko Durango, Colorado, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Kutoka kwenye grisi ya kuungua mpaka medali ya dhahabu, miaka 20 tu.

Kusema ukweli, watu wa Marin hawakuwa wa kwanza duniani kuingiza baiskeli porini. Miaka ya 1950 vijana kama 20 wa viunga vya Paris walikuwa wakifanya mambo yanayofanana na hayo, na huko Crested Butte, Colorado, jamaa walivuka milima na klanka zao mwaka uleule wa 1976. Lakini cheche ya Marin ndiyo iliyowasha biashara, na ndiyo maana maumivu ya kilichofuata yalianzia hapo.

Wakati wao wapo kumi, hakuna aliyewajali. Walipokuwa mamia, mlima ukaonekana mdogo. Mama mtu mzima anatembea taratibu kwenye kijia chembamba, ghafla kwenye kona anatokea mtu na kilo 15 za chuma. Farasi anashtuka, mpanda farasi anaruka. Wapenda mazingira wakalalamika kwamba tairi zinachimba udongo. Wenye malalamiko hayo hawakuwa wabaya. Wengi wao walikuwa wameupigania mlima huo kwa miaka ili usijengwe nyumba, na sasa waliona kitu walichokilinda kinageuzwa uwanja wa mbio.

Mamlaka ya maji inayomiliki sehemu kubwa ya mlima ikaamua hivi: baiskeli zitapita kwenye barabara za zimamoto, ila sio kwenye vile vijia vyembamba vya ndani. Hata huko kwenye barabara, mwisho ni maili 15 kwa saa, sawa na kilomita 24. Walinzi wakaanza kupiga tochi. Yaani zile tochi za trafiki unazozijua, lakini msituni, na anayekamatwa yupo kwenye baiskeli.

Ngazi ya taifa mambo yakawa magumu zaidi. Sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya nyika ilikataza usafiri wa kutumia mitambo. Mwaka 1984 idara ya misitu ya Marekani ikaweka wazi kwenye kanuni zake kwamba baiskeli nayo ni mtambo. Mamilioni ya ekari yakafungwa kwa mkupuo.

Waendesha baiskeli wakajifunza kitu ambacho Repack haikuwafundisha, yaani kukaa vikao. Mwaka 1988 vilabu vitano vya California viliungana kuunda chama cha kimataifa, IMBA, chenye kanuni za kupita msituni: mpishe anayetembea, mpishe farasi, usipite njia iliyofungwa, usiharibu njia. Wakaanza kujitolea kukarabati vijia. Sayansi nayo ikawasaidia kiasi. Utafiti uliofanywa Montana na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kwenye njia mbichi, kwato za farasi na miguu ya watu vilitoa udongo mwingi kuliko tairi za baiskeli. Sehemu nyingi duniani zikafungua milango, zikagawa njia kwa zamu au kwa mwelekeo, na watu wakazoeana.

Ila Tamalpais wenyewe uligoma kwa miongo. Mwaka 2024 bodi ya mamlaka ile ya maji iliidhinisha majaribio ya kuruhusu baiskeli kwenye vijia vichache. Haikupita muda, makundi ya kutetea mazingira yakaenda mahakamani kupinga. Walioshindana Repack wakiwa vijana sasa ni wazee wenye mvi, na bado wanajadili jambo lilelile.

Leo baiskeli ya kwanza ya yule fundi imehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian huko Washington. Na Fairfax kwenyewe, tangu mwaka 2015, kuna makumbusho ambako zile klanka zimepangwa kwa heshima zote na watu wanakwenda kupiga nazo picha. Ila ukiichomoa mojawapo na kuipeleka kwenye vijia vingi vya mlima ulioizaa, mlinzi atakuandikia faini.

Sasa weka upande mmoja mama anayetaka kutembea kwa amani, na upande wa pili mzee aliyeunguza grisi hapo mwaka 1976. Ungekuwa wewe ndiye mwenye funguo za kile kijia, ungempa nani?